Paa Jeupe Katika Nchi ya Jua

Paa la nyumba katika nchi ya joto lina kazi mbili: kuzuia mvua na kuzuia jua. Kazi ya kwanza yafahamika kwa kila mtu. Paa likivuja tone moja, mwenye nyumba hulalamika, fundi huitwa, na tundu huzibwa kabla ya masika kuingia. Kazi ya pili imesahauliwa. Paa laweza kumimina joto juu ya vichwa vya watu miezi yote ya kiangazi, na asiitwe fundi yeyote, kwa sababu joto huhesabiwa kuwa ni amri ya majira wala si kosa la paa.

Makala haya yanashikilia kwamba fikira hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya joto linalowasumbua watu ndani ya nyumba za mabati za pwani na za nyanda za chini hutokana na jambo ambalo mwanadamu amelichagua mwenyewe dukani, nalo ni uso wa paa na rangi yake. Jambo lililochaguliwa laweza kuchaguliwa upya. Tena elimu inayohitajiwa ili kuchagua vema si ya wataalamu peke yao. Imo katika masomo ya fizikia na kemia ya shule za sekondari, ingawa mara nyingi huishia katika daftari la mtihani bila kupanda juu ya dari ya darasa.

Jua Lililo Juu ya Utosi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya mji. Hata katika mwezi wa Juni, linapokuwa mbali kabisa upande wa kaskazini, hupanda nyuzi zipatazo 60 juu ya upeo wa macho. Mjini London, katika mwezi wa Desemba, jua hilo hilo la adhuhuri hufikia nyuzi 15 tu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mjenzi. Katika Ulaya ya kaskazini jua la majira ya baridi hupiga kuta na madirisha, na joto lake hupokelewa kwa furaha. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupata jua la mshazari, lakini paa hulipokea lote, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakati wa adhuhuri, anga likiwa jeupe, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Basi mwenye kutaka nyumba iliyo baridi katika Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Lindi hana budi kulishughulikia paa kwanza, kabla ya ukuta na dirisha. Vitabu vingi vya ujenzi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havisemi hivyo, na wala havikosei. Vinasema kweli ya kwao.

Kunywa Joto na Kutoa Joto

Kwamba rangi iliyokolea hufyonza joto kuliko rangi nyeupe ni jambo la zamani. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alieleza katika barua ya mwaka 1761 jinsi alivyotandaza vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali juu ya theluji siku ya jua. Baada ya saa chache kitambaa cheusi kilikuwa kimezama chini kuliko vyote, kwa kuwa kiliyeyusha theluji iliyokuwa chini yake. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kimekaa juu juu. Franklin hakuishia hapo. Alitoa shauri kwamba watu wanaoishi katika nchi za jua kali wangefaa kuvaa nguo nyeupe. Wavuvi na wakulima wa pwani ya Afrika ya Mashariki, pamoja na mashekhe wao wenye kanzu, hawakuhitaji kuambiwa.

Lakini kufyonza ni nusu tu ya habari. Kila kitu chenye joto hutoa joto hilo kwa njia ya mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo mionzi ya infraredi. Mwaka 1804 John Leslie wa Scotland alitangaza majaribio yake juu ya jambo hilo. Alichukua chombo cha bati chenye umbo la mchemraba, akakijaza maji ya moto, na kila upande wake akautengeneza kwa namna yake: mmoja mweusi, mwingine uliosuguliwa ukang'aa. Ingawa pande zote zilikuwa na halijoto moja, upande mweusi ulitoa mionzi mingi, na upande uliong'aa ulitoa kidogo sana. Mchemraba wa Leslie umo katika vitabu vya fizikia hadi leo, na shule nyingi zinao kabatini.

Kwa hiyo paa lina sifa mbili zinazopasa kupimwa, wala si moja. Ya kwanza ni uwezo wa kuakisi mwanga wa jua usiingie. Ya pili ni uwezo wa kutoa, kwa mionzi, lile joto kidogo lililokwisha kuingia. Paa lililo bora ni lile lenye sifa zote mbili. Rangi nyeupe ya kawaida inazo: ikiwa mpya huakisi kiasi cha robo tatu ya nguvu ya jua au zaidi, na hutoa joto lake karibu sawasawa na rangi nyeusi. Jambo hili la pili huwashangaza wanafunzi, lakini ni kweli. Kwa macho ya mionzi ya infraredi, rangi nyeupe na rangi nyeusi karibu ni kitu kimoja.

Kosa la Bati Ling'aalo

Hapa ndipo penye kosa linaloenea kuliko yote. Bati jipya hung'aa hata likaumiza macho, na watu wengi husema kwamba kwa sababu hung'aa, basi haliwezi kuwa moto. Atakayeligusa saa nane mchana atajua vingine.

Bati lenye migongo lilibuniwa na mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyelipatia hataza mwaka 1829. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya njia ya kulifunika chuma kwa zinki ili lisishike kutu. Kutokana na mambo hayo mawili lilipatikana bati jepesi, la bei nafuu, lisilovuja na lisiloungua kwa urahisi kama makuti. Faida zake hazina ubishi. Hata katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi za mawe zilizokuwa na mapaa bapa ya chokaa na kokoto, yaliyobebwa na boriti za mikoko, zilikuja kufunikwa kwa mabati, kwa sababu mapaa yale ya zamani yalivuja wakati wa masika. Watu waliacha paa zito lililochelewa kupata moto, wakachukua paa jembamba lisilovuja. Tatizo la mvua likaisha, na tatizo la jua likaanza.

Bati jipya lenye zinki huakisi kiasi cha asilimia 60 ya nguvu ya jua. Kiasi hicho si kibaya. Lakini kwa kuwa ni metali tupu iliyosuguka, uwezo wake wa kutoa joto kwa mionzi ni mdogo mno, pengine moja ya kumi ya ule wa uso uliopakwa rangi. Joto liliingialo halipati mlango wa kutokea.

Hesabu yenyewe imo katika kanuni ya Stefan na Boltzmann, isemayo kwamba mionzi inayotolewa na uso huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto yake ikipimwa kwa Kelvini. Uso uliopakwa rangi, ukiwa na nyuzi 60 za Sentigredi, hutoa zaidi ya wati 600 kwa kila mita ya mraba. Uso wa zinki ing'aayo, ukiwa na nyuzi hizo hizo, hutoa wati zipatazo 70. Ni kweli kwamba anga nalo hurudisha sehemu ya mionzi hiyo, lakini tofauti inabaki kuwa kubwa. Bati tupu halina njia ila kuzidi kupata moto, mpaka upepo wa juu na hewa ya chini viliondolee joto lake. Na hewa ya chini ni ile wanayoivuta watu waliomo ndani.

Hayo ni ya bati jipya. Likikaa miaka kadhaa, zinki hufifia, vumbi hushika, na mwishowe kutu huligeuza kuwa la rangi ya kahawia. Hapo huanza kufyonza jua kama paa la rangi iliyokolea.

Siku hizi limezuka jambo jingine. Mabati ya rangi yamekuwa alama ya nyumba nzuri, na rangi zinazopendwa mno ni nyekundu iliyoiva, kijani cha msituni, kahawia na kijivu kinachokaribia weusi. Mwenye nyumba hulipa fedha ya ziada apate bati lililopakwa rangi, kisha huchagua ile rangi inayomchoma. Paa jeusi, siku ya jua na upepo mchache, huweza kuizidi hewa inayolizunguka kwa nyuzi 50 za Sentigredi. Paa jeupe lililo safi huizidi kwa nyuzi chache tu, kama 10 hivi. Bati jeupe halihitaji chuma zaidi, wala misumari mingine, wala fundi mwenye elimu nyingine.

Hesabu ya Darasa Moja

Na tuchukue mfano wa darasa moja ambalo paa lake lina eneo la mita 80 za mraba. Wakati wa adhuhuri jua hulimwagia paa hilo nguvu ipatayo kilowati 80. Likiwa la rangi iliyokolea na kufyonza asilimia 80, litachukua kilowati 64. Likiwa jeupe na jipya, na kufyonza asilimia 25, litachukua kilowati 20. Tofauti ni kilowati 44. Ni kama kwamba pasi 44 za umeme, kila moja ya kilowati 1, zimezimwa juu ya vichwa vya wanafunzi.

Yafaa isemwe waziwazi kwamba si joto lote linalofyonzwa na paa huingia darasani. Sehemu kubwa huondolewa na upepo na mionzi kwa nje. Lakini sehemu iingiayo yatosha kuleta dhiki. Huingia kwa njia mbili. Kwanza, huipasha moto hewa ya chumbani. Pili, na hii ndiyo husahauliwa, bati la moto lisilo na dari huwashushia watu mionzi moja kwa moja, kama jiko la mkaa lililotundikwa juu. Kipimajoto kinachopima hewa peke yake hakionyeshi dhiki yote. Kichwa na mabega ya mwanafunzi huionyesha.

Ni kawaida kuzungumza juu ya paa jeupe kama njia ya kuokoa umeme, na ndivyo ilivyo kwa benki, ofisi, hoteli, maghala ya baridi na maduka yenye viyoyozi. Paa lisilochemka hupunguza kazi ya kiyoyozi wakati ule ule wa mchana ambapo kila jengo linataka umeme. Hata hivyo nyumba nyingi za mabati hazina kiyoyozi. Kwa familia iliyo na feni moja, au isiyo na feni kabisa, rangi ya paa haitapunguza sana hesabu ya umeme. Itapunguza kitu kingine ambacho hakiandikwi katika daftari la hesabu: usingizi uliokatizwa, mtoto mchanga aliyejaa vipele vya joto, mgonjwa wa moyo aliyezidiwa, mwanafunzi aliyelala juu ya kitabu saa saba mchana na akahesabiwa kuwa mvivu. Nchi inayopima faida kwa kilowati tu itawasahau wale walio wengi.

Kutoka Nyumba Moja hadi Mji Mzima

Joto la paa haliishi katika nyumba moja. Luke Howard, mkemia wa London aliyepima hali ya hewa kwa miaka mingi, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mji ule ulikuwa na joto kuliko mashamba ya kandokando yake, hasa nyakati za usiku. Sababu zake sasa zafahamika vizuri: miti imekatwa, udongo wenye unyevu umefunikwa kwa saruji na lami, kuta huzuia upepo, na mapaa hufyonza jua mchana kutwa. Viyoyozi huzidisha jambo hilo, kwa kuwa kiyoyozi hakiteketezi joto; hulitoa chumbani na kulimwaga barabarani, pamoja na joto la umeme wake chenyewe. Aliye ndani hupoa, apitaye nje huungua.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2002. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Katika muda wa miaka 20 tu mapaa mapya yamefunika mashamba ya mihogo na mikorosho. Yaliezekwa moja moja, kila mwenye nyumba akichagua rangi kwa hiari yake, bila kuulizana. Lakini matokeo yake ni ya wote.

Kwamba weupe unaoenea juu ya eneo kubwa huweza kubadili halijoto ya mahali si ndoto. Katika jimbo la Almería, kusini mwa Hispania, wakulima wamefunika ardhi kubwa kwa nyumba za plastiki za kukuzia mboga, na kila kiangazi huzipaka chokaa nyeupe ili mimea isiungue. Watafiti wa huko walitangaza mwaka 2008 kwamba tangu mwaka 1983 hadi 2006 halijoto ya eneo lile ilishuka kwa kiasi cha nyuzi 0.3 kila miaka 10, ilhali sehemu za jirani zilizidi kupata joto. Wakulima wale hawakukusudia kupoza nchi. Walikusudia kuokoa nyanya.

India, ambayo ina joto kali zaidi kuliko pwani ya Afrika ya Mashariki, imekwenda mbele kwa makusudi. Mwezi Mei mwaka 2010 mji wa Ahmedabad ulipatwa na joto la nyuzi 46.8, na vifo vilizidi kiasi cha kawaida kwa watu zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji huo ulianzisha mpango wa kujikinga na joto, na tangu mwaka 2017 mapaa ya nyumba za watu maskini yamekuwa yakipakwa chokaa na rangi nyeupe. Mwaka 2023 jimbo la Telangana, ambalo mji wake mkuu ni Hyderabad, lilitangaza sera inayotaka majengo ya serikali na ya biashara yawe na mapaa yenye kuakisi jua, nalo limejiwekea lengo la kufikia kilomita 300 za mraba za mapaa hayo ifikapo mwaka 2028.

Iko faida nyingine iliyo kubwa kupita mji. Mwanga wa jua ukiakisiwa ungali mwanga, sehemu yake kubwa hupenya angahewa na kurudi angani. Ukifyonzwa na kugeuka kuwa mionzi ya infraredi, sehemu kubwa huzuiwa na gesi kama kaboni dioksidi. Mwaka 2009 Hashem Akbari, Surabi Menon na Arthur Rosenfeld walikadiria kwamba mita 100 za mraba za paa jeusi zikigeuzwa nyeupe hufidia joto linaloletwa na tani 10 za kaboni dioksidi. Hayo ni makadirio, tena fidia yenyewe hupatikana mara moja tu, wala haiwapi wenye viwanda ruhusa ya kuendelea kuchafua hewa. Lakini yanaonyesha kwamba hata bati la nyumba ya Mbagala lina nafasi yake katika hesabu ya dunia.

Hoja za Kupinga

Zipo hoja za kupinga ambazo hazifai kupuuzwa.

Ya kwanza ni uchafu. Paa jeupe halibaki jeupe. Vumbi, moshi na ukungu huweza kupunguza uwezo wake wa kuakisi tangu mwaka wa kwanza, kutoka robo tatu hadi kama asilimia 60. Ni kweli. Lakini darasa lililotajwa hapo juu, likiwa na paa jeupe lililochafuka na kufyonza asilimia 40, litachukua kilowati 32, yaani nusu tu ya zile za paa la rangi iliyokolea. Tena paa lenye mteremko huoshwa na mvua.

Ya pili ni chokaa. Kwa kuwa ni rahisi, wengi watafikiri kuipaka juu ya mabati. Hilo ni kosa, na mwanafunzi wa kemia aweza kueleza sababu. Chokaa mbichi ni alkali, na zinki ni metali inayoshambuliwa na asidi na alkali pia. Chokaa italila lile gamba la zinki linalolinda chuma, kisha mvua itaiosha chokaa yenyewe. Chokaa ni kwa mapaa bapa ya saruji na kwa kuta. Bati hutaka kusafishwa, kupakwa rangi ya msingi inayoshika juu ya zinki, ndipo ipakwe rangi nyeupe ya nje. Bora kuliko yote ni kulinunua likiwa jeupe tangu kiwandani.

Ya tatu ni maji ya mvua. Shule nyingi hukinga maji ya kunywa kutoka juu ya paa. Hakuna ubaya, ila yapasa rangi iwe haina risasi, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike. Katika visiwa vya Bermuda mapaa yote hupakwa rangi nyeupe, na ni kutoka juu ya mapaa hayo watu wamepata maji yao ya kunywa kwa karne nyingi.

Ya nne ni baridi. Katika Njombe, Makete na sehemu za juu za Mbeya, watu hutetemeka katika Juni na Julai, na paa linalofukuza jua halitawafaa. Kwa hiyo kanuni moja kwa nchi nzima haitakuwa ya kisayansi. Kanuni ya pwani iwe ya pwani.

Ya tano ni uzuri, pamoja na mng'ao unaowaudhi majirani wa ghorofani. Apendaye paa jekundu hana haja ya kukata tamaa. Karibu nusu ya nguvu ya jua imo katika mionzi ya infraredi isiyoonekana, na zipo rangi nyekundu na za kijani zilizotengenezwa ili ziakisi mionzi hiyo. Hazifikii nyeupe, lakini huzipita rangi za kawaida. Na kati ya rangi za kawaida zenyewe, maziwa na kijivu hafifu hazichomi macho, nazo ni bora mara nyingi kuliko kahawia.

Hatimaye, haifai kudhaniwa kwamba rangi itatenda yote. Dari, nafasi ya hewa kati ya dari na bati, matundu ya kutolea hewa ya moto na mti wa mwarobaini kando ya darasa, vyote vina kazi yake. Rangi hutangulia kwa sababu huzuia joto kabla halijaingia. Vilivyobaki hupambana nalo likiisha kuingia.

Jaribio kwa Wanafunzi

Jambo hili halipasi kuaminiwa kwa maneno tu. Mwalimu achukue vipande vitatu vya bati vilivyo sawa. Kimoja kiachwe kitupu, cha pili kipakwe rangi nyeupe, cha tatu nyekundu iliyoiva au nyeusi. Kila kimoja kifunike sanduku la karatasi ngumu lenye kipimajoto ndani, mbali na bati lenyewe, na masanduku yote matatu yawekwe juani mahali pamoja. Wanafunzi waandike halijoto kila baada ya dakika 15, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha wachore grafu. Wajibu maswali haya: kwa nini bati linalong'aa halikushinda? Wingu linapopita, sanduku gani hupoa upesi? Baada ya kuyanyunyizia mabati vumbi la barabarani, tofauti inabaki kiasi gani? Na alfajiri, ni bati lipi lina umande mwingi, na kwa sababu gani?

Matokeo ya shule ya Mtwara na ya shule ya Dodoma yakiwekwa pamoja, yatakuwa na thamani kuliko nakala ya kitabu cha nchi nyingine.

Nani Achague Rangi?

Iko sababu moja inayolifanya jambo hili lisiweze kuachwa kwa hiari ya kila mtu. Anayechagua paa, mara nyingi, siye anayekaa chini yake. Mpangaji hachagui bati. Huchagua mwenye nyumba, naye analala kwingine. Mwanafunzi hachagui bati la darasa. Huchaguliwa na kamati au mkandarasi, na siku ya kuezeka huondoka wote kwenda zao. Mgonjwa hachagui bati la zahanati. Na paa likiisha kupigiliwa misumari hukaa miaka 20 au 30. Uamuzi wa dakika chache dukani huwahukumu watoto walio bado hawajazaliwa.

Kwa hiyo yafaa halmashauri za pwani na za nyanda za joto ziandike, katika michoro na zabuni za madarasa, zahanati, masoko na ofisi zake, kwamba paa litakuwa jeupe au la rangi hafifu. Sharti hilo halihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu wa kuletwa. Viwanda vya mabati navyo vipaswe kuandika juu ya kila bati la rangi kiasi cha jua linachoakisi na kiasi cha joto linachotoa, kama vile unene wake unavyoandikwa, ili mnunuzi ajue anachonunua. Walimu wa ufundi wawafundishe mafundi wa kesho kwamba paa zuri ni lile lisilovuja maji wala joto. Na kamati ya shule itakayokaa mwaka huu kuchagua mabati ya darasa jipya, kabla ya kutazama kitabu cha rangi, iwaombe wanafunzi waliofanya jaribio hapo juu walete grafu yao mezani.